Msaada: bunduki ya shabaha .22 yenye mtambo wa Martini, jina la modeli limefutika

GandaTupu
Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua bunduki za shabaha za zamani. Hii ni .22 LR (aina ya risasi ndogo), ya risasi moja moja, na wenzo wake uko chini, nyuma ya kifyatulio; ukiusukuma, kizibo cha nyuma ya mtutu hushuka, ndio mtambo wa Martini. Maandishi ya juu yamesuguliwa hadi hayasomeki. Kilichobaki ubavuni ni alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, na kwenye mtutu kuna taji dogo juu ya herufi BNP. Kilengeo cha nyuma kimeandikwa A. J. Parker, kwa hiyo nimekuwa nikitafuta kiwanda cha Parker bila mafanikio. Mtutu ni mnene na haugusi mbao ya mbele hata kidogo.

Nataka kujua nani aliitengeneza, ni modeli gani, na kama kivuta ganda chake (kipuri kinachotoa ganda lililopigwa) bado kinapatikana. Karibu nusu ya maganda yanabaki chembani (tundu la risasi nyuma ya mtutu) baada ya kupiga, inabidi kuyasukuma kwa ufito kutoka mdomo wa mtutu.

Mlengaji50
Acha kumfuata Parker. Vilengeo huhamishwa kutoka bunduki moja hadi nyingine, na kitako pia hubadilishwa, kwa hiyo vyote viwili ni ushahidi dhaifu. Tena A. J. Parker na Parker-Hale ni kampuni mbili tofauti, wengi huzichanganya. Soma chuma.

Bunduki tatu zinazoegemeana ni nembo ya BSA, yaani Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861. Taji na BNP ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya silaha ya Birmingham, wa utaratibu ulioanza mwaka 1954. Lakini angalia hapa: muhuri unakwambia mtutu ulijaribiwa lini, haukwambii mtambo ulitengenezwa lini. Mtambo wa kabla ya vita ukifungwa mtutu mpya mwaka 1960, utaukuta na BNP. Ndiyo maana lazima ulinganishe namba ya mtutu na namba ya mtambo. Zikitofautiana, una bunduki mbili ndani ya moja, na kila nusu itafutiwe historia yake.

Hakikisha chemba ni tupu, kisha tazama chini ya mtutu: mbao ya mbele imeshikwa na nini?

GandaTupu
Namba zinafanana, zote zina herufi mbele. Mbao imefungwa kwenye mhimili wa aloi unaotoka kwenye mtambo. Karatasi inapita kati ya mtutu na mbao bila kukwama popote.

Mlengaji50
Basi ni BSA Martini International Mk III. Mhimili huo wa aloi ndio unaoitambulisha, kwa sababu uliwekwa ili mtutu uning'inie huru na mkazo wa mkanda wa kushikia bunduki usiupinde. Mk I ilitoka mwaka 1950, Mk II mwaka 1953, na Mk III ikatengenezwa kuanzia 1959 hadi 1967. Baadaye zikaja modeli za ISU na Mk V, na mstari wote ukafungwa miaka ya 1980. Mwaka 1986 BSA upande wa bunduki ilinunuliwa na Gamo ya Hispania, na jina likaendelea kwenye bunduki za hewa. Kwa hiyo usitegemee kiwanda kikuuzie vipuri vya Martini. Tafuta kwa mafundi silaha na wauzaji wa vipuri vya zamani.

Ukiandika kuuliza, taja Mk III na namba nzima pamoja na herufi zake, maana BSA ilitumia herufi hizo kutenganisha modeli. Ukisema "Martini .22" tu utaletewa kipuri cha Model 12 au cha 12/15, Martini nyingine za BSA, na hakitaingia. Ambatanisha picha ya kipuri kikiwa kando ya rula.

FundiChemba
Kabla hujanunua kivuta ganda, jua kwanza kama ndicho chenye kosa. Safisha chemba kwa brashi ya shaba, maana masizi hujikusanya kuzunguka pale ganda linapoishia. Kisha chukua ganda lililopigwa na bunduki hiyohiyo, liingize kwa kidole na kulizungusha taratibu.

Likiingia laini katika kila upande lakini wenzo ukashindwa kulitoa, kivuta ganda kimelika. Angalia ukingo wa ganda, utaona kimekwaruza tu bila kushika. Likikwama milimita ya mwisho, tena mahali pamoja tu, kivuta ganda hakina hatia. Hapo mdomo wa chemba umepondwa. Risasi ya .22 hulipuliwa kwa kupigwa ukingoni, na bunduki ikifyatuliwa tupu, sindano ya kufyatulia hugonga chuma cha chemba badala ya ukingo wa ganda. Mara mia kadhaa zikipita, chuma huvimba kuelekea ndani.

GandaTupu
Linakwama. Nikilizungusha linakwama palepale, na ni sawasawa na ilipo alama ya sindano.

FundiChemba
Kumbe ni kuponda. Usiguse tupa! Ukiondoa chuma pale, ukingo wa ganda unakosa mahali pa kuegemea na ganda linaweza kupasuka. Kuna kifaa cha kunyoosha chemba ya .22, chuma kigumu chenye umbo la ganda, kinachosukumwa polepole kirudishe uvimbe ulikotoka. Ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni, na ni ya muda mfupi kwa sababu kwenye International mtambo wote hutoka kwa chini kama fungu moja.

Mwambie pia apime sindano inatokeza kiasi gani. Unene wa ukingo wa .22 LR haupiti milimita 1.09, na sindano ndefu kuliko inavyohitajika itaponda tena chemba uliyoinyoosha. Na kuanzia leo, ukifanya mazoezi ya kifyatulio, weka ganda lililotumika chembani, ulizungushe kila baada ya pigo.

Shabaha_Ulm
Mwenye bunduki ya Kijerumani naye asome chuma. Alama ya pembe ya kulungu ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Ulm, mji ambao kampuni ya bunduki ya Anschütz ilianza upya mwaka 1950 baada ya kupoteza kiwanda cha Zella-Mehlis. Kando yake ukikuta herufi mbili, huo ni mwaka: A ni 0, B ni 1, endelea hivyo hadi I ambayo ni 8, kisha ruka J, K ni 9. HF ni 75. Tahadhari ya Mlengaji50 inabaki ileile, huo ni mwaka wa majaribio.