Mrejesho: Leseni ya TV Uingereza kwa anayetazama Netflix na ITVX tu

Wakuu, niliuliza kama mtu anayeishi Leicester na kutazama Netflix na ITVX (huduma ya mtandaoni ya kituo cha ITV cha huku) tu analazimika kulipia leseni ya TV. Ahsanteni kwa majibu, nimelifuatilia.

Vipindi unavyochagua mwenyewe kwa wakati wako havihitaji leseni, isipokuwa vya BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni. Huko, tangu 1 Septemba 2016, hata kipindi cha zamani kinaitaka.

Ndugu zangu mlioko huku, zingatieni sana matangazo ya moja kwa moja. Yanahitaji leseni kwenye kifaa chochote, simu ikiwemo, na hata chaneli ikiwa ya nje. Yaani taarifa ya habari ya Citizen TV ikiwa hewani, ukaifungua YouTube, unatakiwa uwe na leseni. Ukiitazama kesho yake, huhitaji. Mechi za moja kwa moja za Amazon Prime Video nazo zimo. Faini inafika pauni 1,000, na wageni wengi hawaambiwi haya, inaniuma kweli.

Mimi nimejaza tamko mtandaoni kwamba siihitaji. Ni bure. Mdogo wangu, mpenzi wa mpira, amelipia yake.