Kupigwa shoti ukishuka kwenye gari: mkanda wa mpira, kidude cha funguo, spirei ya siti au kushika chuma tu?

sukani_moto
Wakuu habarini. Gari langu linanichosha, kila nikishuka nikitaka kufunga mlango napigwa shoti, usiku hadi cheche naiona, imefika mahali mlango naufunga kwa kiuno na watu wananishangaa. Fundi kapima betri na nyaya zote kasema hakuna kinachovuja. Nimeulizia dawa yake kila mtu ana yake, kuna ule mkanda wa mpira unafungwa nyuma chini unaburuza lami, kuna kidude cha kuning'iniza kwenye funguo unagusisha kwenye chuma kwanza, kuna spirei ya kupuliza kwenye siti, na kuna mmoja kaniambia nishike tu chuma wakati nashuka basi. Sitaki kununua kila kitu halafu nikute kimoja ndo kilikuwa kinatosha. Aliyetumia zaidi ya moja anilinganishie. Siti nimeweka kava za manyoya manyoya, sijui kama zinahusu.

fundi_waya
Kava zinahusu sana mkuu, betri ndo haihusiki kabisa, hiyo ni volti 12 tu, ushike ncha zote mbili kwa mikono mikavu husikii kitu.

Iko hivi. Nguo yako na siti vinasuguana muda wote unaendesha, kimoja kinachukua chaji za mwenzake. Mkiwa mmegusana hakuna tatizo. Shida inaanza pale unaponyanyua makalio, siti inabaki na za kwake wewe unaondoka na za kwako, na kadiri mnavyoachana ndo volti inapanda. Mwili wa mtu unatunza chaji kidogo mno, kama pikofaradi 100 hadi 200 (hicho ni kipimo cha uwezo wa kutunza chaji), kwa hiyo hata chaji kiduchu inakupandisha hadi volti elfu kumi na kuendelea. Watu wengi chini ya elfu mbili au tatu hawasikii kitu. Na usiogope hizo namba, kiasi chenyewe ni kidogo na kinaisha kufumba na kufumbua, kinauma ila hakiui. Sasa umeshuka na raba zako, soli ni mpira, chaji haina pa kutokea, inasubiri kidole chako kifike kwenye mlango.

Yaani mzigo unao wewe mwilini. Kwa hiyo kila dawa unayouziwa iulize swali moja tu, hii inanitoa chaji mimi au inalitoa gari?

mzoefu_wa_lami
Hapo kwenye mkanda mtapingana na mimi. Nimefunga mkanda miaka sasa, shoti sijui hata inafananaje. Kabla ya hapo nilikuwa napigwa kama wewe. Nunua mkanda maliza kazi, haya mengine ni elimu ya darasani.

fundi_waya
Sikatai mkuu, ila nikuulize, kipindi unafunga mkanda ulibadilisha kitu kingine kwenye gari?

mzoefu_wa_lami
Nilivalisha siti ngozi. Lakini mkanda ndo uliomaliza.

fundi_waya
😂 Sawa mzee wangu.

Twende polepole basi. Mkanda unatoa chaji iliyoko kwenye bodi ya gari. Bodi nayo inachajika, tairi zikizunguka zinasuguana na lami, sikatai. Lakini tairi zenyewe kwa kawaida zinaitoa, ule weusi wa tairi ni masizi ya kaboni na kaboni inapitisha umeme, ukisimama sekunde chache bodi imeshatulia. Tairi za siku hizi zimepunguziwa masizi zikawekwa silika, unga wa madini kama ya mchanga, ili gari lisile mafuta sana na lishike vizuri lami yenye maji, na silika haipitishi, ndo maana watengenezaji wengi wanapitisha utepe mwembamba wa mpira wenye kaboni katikati ya kashata hadi ndani. Kwenye tairi nyingine unauona, kamstari kanazunguka tairi nzima.

Kwa hiyo mkanda utakusaidia kama tairi zako zimegoma kupitisha. Kinachopimika kirahisi ni hiki, mtu ambaye hajapanda gari aje aliguse kwa nje mara tu umesimama, wewe bado uko ndani. Akipigwa yeye, bodi ndo ina chaji, funga mkanda. Asipopigwa halafu wewe ukishuka unapigwa, mkanda utaburuza bure. Na ukiufunga uwe unauangalia, unalika ncha, baada ya muda unaning'inia hewani haugusi chini na mwenyewe hujui.

MamaPacha
Mimi nimetumia kidude cha funguo na spirei zote mbili, nikwambie ukweli wangu.

Kidude kinafanya kazi, kuna kataa kadogo ndani kanawaka ukigusisha, chaji inapita taratibu husikii maumivu. Tatizo unatakiwa ukumbuke KABLA hujagusa kitu kingine, na mimi nashuka na mkoba, chupa ya maji, mtoto mmoja begani mwingine analia, nakumbuka vipi? Halafu nikagundua funguo wa kawaida wa chuma unafanya hivyohivyo. Ushike vizuri kwa vidole uguse chuma cha gari kwa ncha yake, cheche inaruka pale kwenye ncha, kwenye ngozi inakuwa imetawanyika eneo kubwa hausikii. Ila uwe umeshika chuma chenyewe, sio lile ganda la plastiki la rimoti, hapo hujafanya kitu.

Spirei ni nzuri kwa siti za kitambaa. Mimi siku hizi hata sinunui, nachanganya ile dawa ya kulainishia nguo na maji mengi napuliza kidogo naacha zikauke. Inasaidia kweli, ila inaisha nguvu unarudia, na jaribu kwanza pembeni isije ikaacha madoa.

Swali langu kwa fundi, nikimshusha mtoto ndo tunapigana shoti mimi na yeye, na yeye analia. Hapo nafanyaje maana hana funguo huyo 😅

fundi_waya
Dada hapo mmoja wenu ana chaji mwenzie hana, au mnazo tofauti. Wewe ukishuka gusa chuma kwanza kwa funguo wako, halafu mshike mkono angali ameketi, ngozi kwa ngozi usiachie, mkono wako wa pili uwe kwenye chuma cha gari, mnyanyue hivyohivyo. Chaji yake inapita kwako inaenda kwenye bodi taratibu, hairuki cheche. Kama mikono yote unaihitaji kumbeba, egemea chuma kwa kiwiko kilicho wazi.

Na hiyo ya kulainishia nguo iko sahihi, inaacha utando unaovuta unyevu wa hewani, kitambaa kikiwa na unyevu kidogo chaji haikai. Ndo maana msimu wa mvua watu mnasahau kabisa hili tatizo, hewa ikikauka linarudi, na AC nayo inakausha hewa ya ndani. Ila msiloweshe siti, chini yake siku hizi kuna nyaya za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, na za mikanda ya kujifunga.

kipanga_wa_usiku
Mimi sina gari napanda tu za watu ila koti langu la polista hilo, nikishuka kila gari napigwa. Nikivaa la pamba sipigwi. Kwa hiyo hata mkifunga mikanda kumi mimi abiria itanisaidia nini.

mzoefu_wa_lami
Wewe nunua koti jingine 😂

dereva_boza
Nimesoma hadi hapa hamjagusa sehemu yenye hatari kweli. Mlangoni ni maumivu tu. Kituo cha mafuta ni moto.

Mvuke wa petroli unawaka kwa cheche ya nguvu ndogo sana, chini hata ya milijuli moja, na mtu mwenye volti elfu kumi anabeba milijuli kadhaa. Kinachotokea kwenye vituo vya kujihudumia, mtu anachomeka nozeli, anaiacha inajaza, anarudi kukaa ndani maana kuna baridi au anatafuta pochi, anateleza kwenye siti kutoka, anaenda moja kwa moja kushika nozeli, na pale mdomoni mwa tangi ndo mvuke umejaa. Kwa hiyo ukianza kujaza usirudi ndani. Kama umelazimika kurudi, ukitoka shika chuma cha gari mbali na tangi kwanza kwa mkono mtupu ndo uende. Na ikitokea ukaona moto usichomoe nozeli, utamwaga mafuta yanayowaka, iache hapohapo ondoka, piga kelele wazime pampu.

Dumu nalo liwekwe chini ardhini ndo lijazwe, sio juu ya kitanda cha pikapu chenye lile zulia la plastiki. Sisi wa maboza hatushushi mafuta bila kubana waya wa kuunganisha tangi na ardhi, hakuna anayekwambia eti mkanda wa nyuma unatosha.

sukani_moto
Dereva ahsante hiyo sikuijua, mimi huwa narudi ndani kabisa. Sasa fundi, hii ya kushika chuma nimejaribu leo, nimeshika mlango kwa ndani nikashuka, nimepigwa vilevile.

fundi_waya
Ulishika plastiki. Mlango kwa ndani karibu wote ni plastiki na kitambaa. Fungua mlango, angalia kwenye nguzo ya nyuma ya mlango wako, kuna chuma kama herufi U ambacho kitasa kinakibana ukifunga. Hicho hakina rangi. Kishike ungali umekaa, shuka, miguu yote iguse chini, ndo uachie. Ukishika baada ya kunyanyuka umeshachelewa, chaji imeshapanda utapigwa palepale. Ukishika mapema inatoka jinsi inavyotengenezwa, volti haipati nafasi ya kupanda. Kama mkono haufiki, shika ukingo wa chuma wa fremu ya mlango, rangi inazuia kidogo ila mara nyingi inatosha.

Kwa hiyo kwangu namba moja hiyo, ni bure na inamfaa hata abiria. Pili kubadilisha kava, hayo manyoya yako nadhani ni nailoni au polista, toa hata kesho. Spirei kama hutaki kutoa kava. Kidude cha funguo usinunue, funguo unao. Mkanda mpaka yule mtu wa nje apigwe.

mzoefu_wa_lami
Mkanda wangu siutoi.

MamaPacha
Sukani, kabla hujatoa kava tandika shuka la pamba juu yake siku mbili tatu uone. Shuka lipo ndani hulinunui, zikipungua ndo uingie gharama.