Naomba ushauri: kelele ya spini kwenye mvuke wa rubidi, nianzie wapi?

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, huku Nyegezi, nafundisha fizikia sekondari na najiandaa kuombea shahada ya uzamili.

Mada iliyonikamata ni hii: hata usipozigusa, spini za atomu kwenye mvuke (kila atomu ni kama kisumaku kidogo, na spini ndiyo inayokipa mwelekeo) hazijisawazishi kikamilifu. Kila wakati upande mmoja unazidi kidogo, na mwanga wa leza ukipita humo, mwelekeo wa mtetemo wake unageuzwa kidogo huku na huku. Hiyo ndiyo kelele. Wanafizikia Aleksandrov na Zapasskii waliionyesha kwenye mvuke wa sodiamu mwaka 1981.

Ninapokwama ni kwenye migongano. Atomu mbili za rubidi (metali ya jamii moja na sodiamu) zikigongana hubadilishana spini. Pasha chupa joto, mvuke unakuwa mzito, migongano inazidi, kilele cha kelele kwenye grafu ya masafa kinatanuka. Hapo sina shida. Ila uga wa sumaku ukiwa mdogo sana na migongano ikawa mingi mno, kilele kinabana tena! Hesabu naifuata, kichwa kinagoma.

Leza na chupa ya rubidi sina, nina laptop tu (na umeme wenyewe mnaujua). Je, niige kila mgongano kwa bahati nasibu, atomu kwa atomu, au niende moja kwa moja kwenye matriki ya msongamano (density matrix, jedwali la hesabu linaloeleza hali ya atomu zote kwa wastani)? Na pendekezo la nadharia tupu, wasimamizi wa hapa nyumbani wanalipokea?

Kubadili mada msinishauri, ofisi nzima ya walimu imeshanishauri hilo.