Mmejua "kusa" lakini "hato" hamtaki kuijua. Mnatuharibia laivu za Wajapani!

Wakuu, leo sina salamu.

Jana saa 9 alasiri, kule Japani saa 3 usiku, nikaunga bando nitulie na laivu ya dada mmoja anayecheza gemu ya kutisha. Kichwa kimeandikwa "shoken", yaani ndiyo mara yake ya kwanza kuigusa gemu hiyo. Chini ya video kaandika hataki maelekezo wala netabare, asisimuliwe yaliyoko mbele. Dakika kumi hazijaisha, mtu katupia Kijapani cha programu ya kutafsiri: fungua kabati la kushoto, ufunguo uko humo. Mwingine hata kutafsiri hakujisumbua: "Dada usiende huko utakufa!!" Kiswahili chetu hicho, mbele za watu.

Na ni hao hao wanaoongoza kwa kumwaga kusa. Mmeshika kwamba w ni ya "warai", kicheko, na kwamba wwww zikijipanga zinafanana na majani, ndipo kucheka kukaitwa kusa, yaani nyasi. Mmeshika na 888, kwa kuwa nane ni hachi na makofi yanalia pachi pachi. (Ingawa juzi kuna aliyeuliza humu kama 888 ni bei.) Ila "shijichū" hamlioni, wakati ndilo jina lenu! Shiji ni maelekezo. Chū ni kejeli ya zamani ya mtandaoni, imetoka kwenye chūbō, katoto ka sekondari, wakaiandika kwa herufi za neno lenye maana ya jikoni kwa kuwa matamshi ni yale yale. Kwetu tungesema kimbelembele tu, yakaisha.

Wa hato ndio wananimaliza kabisa. Hato ni njiwa: unatoka laivu ya huyu, unakimbilia ya yule kumwambia "mwenzako kasema hivi, mwenzako kashavuka hapo." Umbea mtupu! Mwenye laivu anabaki hajui ajibu au akaushe, na kama wenyewe wako kwenye gemu ya kumsaka muuaji kati yao, utamu umeishia hapo. Jana dada wa watu alinyamaza kidogo, kisha akaomba kwa upole njiwa warudi kwao. Niliona aibu utadhani nimetuma mimi.

Halafu kuna anayejitetea eti mbona wanaotuma hela wanasikilizwa. Hata atume akasupa, ile michango myekundu ya YouTube ya kuanzia yeni 10,000, hajanunua haki ya kumnyang'anya mtu pedi.

Wajapani wa 2channel, jukwaa la mtandaoni la zamani, walikuwa na dawa ya mgeni msumbufu: "hantoshi ROMure", kaa nusu mwaka unasoma tu, huandiki kitu. Anzeni leo.

Jumamosi anaendelea na sehemu ya pili. Na wewe wa kabati la kushoto, jina lako nimelisoma na najua uko humu. Ufunguo wenyewe haukuwa hata kwenye hilo kabati.