Kufunga mpaka, umwagiliaji au ghala baridi: kipi kimwokoe kwanza mkulima wa matunda na mboga?

Nyanya_Ilula: Wakuu, salaam. Aprili 2025 Wizara ya Kilimo ya Tanzania ilizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, kwa kuwa nao walikuwa wamezuia ya kwetu, ndizi zikiwemo. Siku chache baadaye zuio likaondolewa ili wazungumze. Nauliza tu: tukitaka tule vya shambani kwetu, tuanze na lipi?

MamaMakete: Mpaka, ila kwa msimu. Epo zetu za Makete na Njombe zikiiva, zinakuta za Afrika Kusini zimeshajaa sokoni Dar, zinang'aa. Zifungiwe wakati wetu wa kuvuna tu, kisha ziachiwe.

Chumba_Baridi: Mama, shikamoo. Na msimu ukiisha? Zile za nje hukaa miezi kwenye vyumba vya baridi, ndiyo maana hazikosekani mwaka mzima. Ya kwetu ikichelewa kuuzwa inalegea. Kufunga mpaka hakuliongezei tunda hata siku moja ya uhai.

Nyanya_Ilula: Hapo umenigusa. Huku tukipanda pamoja tunavuna pamoja, tenga la nyanya linakosa mnunuzi. Masika ukungu unamaliza mimea, bei inapanda na sisi hatuna cha kuuza. Kwa hiyo mimi naona maji: anayemwagilia anachagua mwezi wa kuvuna. Bajeti ya kilimo ilitoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na umwagiliaji ulipewa uzito.

Kitunguu_Mang'ola: Kaka, sisi maji tunayo, mifereji ipo, na Wakenya wanafuata vitunguu mpaka huku. Kinachotuua ni lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mwaka jana nilijaza magunia yangu mpaka yakavishwa nyavu juu, nikalipwa kwa idadi ya magunia. Ile ziada niliipalilia mimi, niliinunulia dawa mimi. Mizani haihitaji bajeti ya mabilioni. Ianze hiyo.

MamaMakete: Kwa nini msikatae kijiji kizima?

Kitunguu_Mang'ola: Tulikataa, mama. Wiki ya pili mmoja mwenye ada ya shule ya mtoto akakubali lumbesa, magari yote yakahamia kwake. Simlaumu. Ndiyo maana nataka mizani iwe getini kwenye kizuizi cha ushuru, gari lenye lumbesa lisipite.

Nyanya_Ilula: Nimekubali, mizani itangulie. Maji yafuate.

Chumba_Baridi: Na umeme wa uhakika vijijini, wakuu, la sivyo ghala baridi ni chumba tu.