Dubai kwa mfuko mwembamba ukitokea Entebbe

Nyanza_K anauliza:
Wakubwa, salamu. Viza na tiketi vipo, kilichobaki ni hesabu ya siku chache za Dubai. Picha zote ni minara, magari ya mamilioni na hoteli za dhahabu. Mtu asiyetaka kula mtaji wa duka lake alale wapi, asafiri vipi, na kipi cha kutazama kinastahili pesa? Ya mawakala nimeshayasikia, naomba ya wanaoujua mji.

MamaKikuubo:
Mwanangu, lala Deira, upande wa mji wa zamani: mitaa ya Naif, Al Rigga au karibu na Baniyas Square. Marina, mtaa wa minara ya kifahari, nenda ukatazame, kisha urudi. Ukilinganisha bei za hoteli mtandaoni, angalia kama ada ya utalii imo. Ni dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, kutegemea nyota, na mara nyingi hudaiwa pale mapokezi wakati umeshachoka kubishana. Vile vitanda vya bei chee kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao uviache. Ni kinyume cha sheria, na mkaguzi akibisha hodi hakuna wa kukurudishia pesa.

Beba dola, noti za 100 zisizochakaa. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa 3.6725, kwa hiyo huna haja ya kuvizia bei ipande. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya kuanzia, nyingine Deira. Duka likikupa bei iliyo mbali na hiyo, ingia la jirani.

Konda_Mstaafu:
Usafiri ndiyo penye siri. Nunua kadi ya Nol, ya kulipia metro na basi, ya rangi ya fedha: dirhamu 25, na 19 kati yake ni nauli yako. Tiketi nyekundu ya karatasi inauzwa 2, lakini kila safari utalipa dirhamu moja zaidi, kwa hiyo kwa anayekaa siku kadhaa ni hasara. Nauli inakwenda kwa kanda. Ndani ya kanda moja ni 3, kanda mbili zinazopakana 5, zaidi ya hapo 7.50. Uwanja wa ndege na Deira ziko kanda moja, kwa hiyo metro hadi kituo cha Union, hapo Deira, ni 3. Kutoka Union hadi kituo cha Burj Khalifa ni 5, na Marina 7.50.

Watu hukatwa pesa hapa: kwenye basi kadi inaguswa ukipanda NA ukishuka. Ukisahau ya kushuka, mashine haijui umeishia wapi, inakutoza nauli ya juu. Ukihama kutoka basi kwenda metro ndani ya dakika 30, inahesabiwa safari moja.

Behewa la Gold (daraja la juu) na la wanawake na watoto yamewekewa alama sakafuni. Ukiingia lisilo lako, faini ni 100. Kula, kunywa, hata kutafuna ubani humo, 100 nyingine. Mzigo unaoruhusiwa ni begi moja kubwa (sentimita 81 × 58 × 30) na moja dogo. Marobota ya biashara yapeleke kwa watu wa kago.

Siku nyingi metro inalala usiku wa manane hadi saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili inaamka saa mbili asubuhi. Terminal 2 ya uwanja wa ndege haina kituo kabisa. Teksi ya uwanjani inaanza kuhesabu kwenye 25 kabla gurudumu halijazunguka.

Tena, ramani inadanganya. Jengo unaloliona ng'ambo ya Sheikh Zayed Road, ile barabara kuu, liko karibu kwa macho tu. Kukatiza barabara kubwa kama hiyo ni kosa lenye adhabu kali. Tumia daraja la kituo cha metro: lina kiyoyozi, na huhitaji kugusa kadi kama huendi kupanda treni.

Nyanza_K:
Asanteni sana. Na Burj Khalifa, nipande au nitazame tu?

Mwalimu_wa_Mbale:
Tazama tu. Mita 828 zinapendeza zaidi ukiwa chini, na ukiwa juu yake ndio mnara pekee usiouona. Chemchemi ya jioni ni bure, na lile tanki la samaki la Dubai Mall linaonekana bure ukiwa nje ya kioo. Lazima upande? Nunua mtandaoni mapema, ghorofa ya 124, na ukwepe saa ya machweo maana ndiyo ghali kuliko zote. Mimi pesa hiyo ningeipeleka Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji: abra, mashua ya kuvukia kati ya Deira na Bur Dubai, ni dirhamu 1 mkononi mwa nahodha. Vuka hata mara tano.

MamaKikuubo:
Nyongeza. Tramadol na dawa zenye kodeini usizibebe bila kibali, wenzetu wamefungwa kwa hilo. Simu za WhatsApp hazipiti, ujumbe unapita. Plagi ni zile zile zetu za pini tatu. Ukinunua vitu vya dirhamu 250 au zaidi, omba risiti ya kurudishiwa kodi ya asilimia 5, na uihakikishe kwenye mashine za uwanjani KABLA ya kukabidhi begi, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe.