Nimegeuzwa DJ wa ofisi, Jumamosi narudishwa tena. Naombeni msaada

Mhasibu_Kurasini

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni kugombana na madereva kuhusu risiti za mafuta. Muziki nausikia kwenye daladala kama watu wote.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na sherehe ya kufunga mwaka, ukumbi mmoja huko Kigamboni. Spika na miksa ni za ukumbi, DJ tumemkodi wenyewe. Saa kumi na mbili haonekani, akipigiwa anasema yuko foleni ya pantoni. Saa moja, bado pantoni. Mtu akamwambia si uzunguke darajani, daraja lipo tangu 2016! Akakata simu, hakupatikana tena.

Bosi akauliza nani ana nyimbo kwenye simu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na miksa kwa sababu ndipo palipokuwa na feni. Sifa yangu ndiyo hiyo tu.

Nikaunganisha kwa blututhi, nikafungua YouTube. Wimbo wa kwanza watu wameanza kuinuka, mkurugenzi ndiyo kwanza amemshika mkeo mkono (samahani, mkewe, bado natetemeka), likaingia tangazo la kubeti kwa sauti yote. Nikachukua maiki niombe radhi, maiki ikapiga yowe kuliko tangazo. Baadaye harufu ya mishkaki ikanivuta, nikaenda jikoni na simu mfukoni. Muziki ukaanza kukatika vipande, watu wamebaki na mikono juu. Nikarudi mbio. Saa tatu na nusu bando likaisha.

Hayo walinisamehe. Ambalo sijasamehewa ni la mzee wetu mmoja, dereva wa lori. Jioni nzima hakuinuka kitini. Nikapata rhumba ya zamani kwenye simu ya mama wa masijala, mzee akaweka soda chini, akachomekea shati vizuri, akaja katikati taratibu kabisa. Kama dakika tatu hivi, vijana wakaanza miluzi, wanataka singeli. Nikabadilisha. Mzee akasimama, akanitazama, akarudi kukaa. Tangu Jumatatu nikimpa shikamoo anaitikia marahaba huku anaangalia dirishani, na risiti zake ananitumia kwa utingo.

Sasa Jumamosi hii tunamuaga huyo mama wa masijala, anastaafu. Bosi kashasema "DJ tunaye wa ndani". Nifanyeje wazee na vijana wakae uwanjani? Na vifaa gani ninunue bila kuuza kiwanja?

FundiSpika_Mwanza

Mkuu, umekata rhumba kabla ya sebene, halafu unashangaa mzee kununa?

Rhumba za zamani nyingi zina sehemu mbili. Mwanzo wanaimba polepole, watu wanashikana na kuongea. Kisha magitaa yanashika kasi, mwimbaji anabaki kuita majina ya watu, hapo ndipo kiuno kinapoanza kazi. Hiyo sebene mara nyingi inakuja dakika ya tatu, ya nne au zaidi. Mzee wako kalipa nauli mpaka Mbezi, wewe umemshusha Ubungo. Wimbo wa dakika nane unaachwa dakika nane, hata wapige miluzi mpaka midomo ikauke.

Tena kutoka rhumba ukarukia singeli! Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, mwenye magoti mazima tu anahitaji kujiandaa. Panda ngazi: rhumba, zilipendwa, Bongo Fleva ya miaka ya 2000 (hiyo bosi anaijua, alikuwa chuo), halafu kwaito ile ya kujipanga mistari, maana hata asiyejua anasimama nyuma anafuatisha. Amapiano iko kwenye 112 hivi, haimchoshi mtu. Singeli mwisho kabisa, wazee wakiwa wanatafuta funguo za gari.

Vifaa: achana na blututhi, ukifika kama mita kumi na ukuta katikati imekufa. Nunua waya, upande mmoja pini ndogo ya simu, upande wa pili vichwa viwili vya RCA, chekundu na cheupe. Kariakoo umejaa. Pakua nyimbo, weka simu hali ya ndege. Sauti ya simu iwe karibu na mwisho, unachezea ya miksa; taa nyekundu ikiwaka, shusha. Na maiki ililia kwa sababu ulisimama mbele ya spika: sauti inatoka, maiki inaidaka, inairudisha tena. Simama nyuma ya spika.

Mtu_wa_Kando

Mishkaki ulirudi kuchukua?

Binti_Kisauni

Kaka pole. Mimi niko Mombasa, shughuli za kina mama nimezisimamia mpaka nimechoka. Anayeagwa ni mama, kwa hivyo hao vijana wako wasikusumbue. Mwendee yeye mwenyewe umuulize nyimbo tano. Wanawake wakishaingia uwanjani, hao wengine watafuata.

Taarabu usiipige watu wakila. Watainuka kwenda kutunza, biriani ipoe, upishi ulaumiwe. Na maneno uyasikize kwanza mpaka mwisho. Kuna zile za mafumbo: ukiipiga mtu fulani akiwa ndio anaingia mlangoni, utaambiwa umetumwa, na hutapata wa kukutetea.

Mhasibu_Kurasini

Nimewasoma wakuu. Mishkaki sikurudi, nilikuta vijiti.

Mhasibu_Kurasini

Mrejesho. Waya nimeununua, umefanya kazi, ila kichwa chekundu kililegea nikakishikilia na rababendi. Tangazo halikuingia hata moja.

Mama wa masijala alinichagulia nyimbo tano. Moja taarabu, alipoitaja akacheka peke yake. Tulipoipiga alienda katikati anacheza kwa mabega tu, na dada mmoja wa idara nyingine akabeba pochi yake akatoka nje hadi ilipoisha. Binti Kisauni, sijui lilikuwa linamhusu nini na siulizi.

Rhumba niliiweka baada ya keki. Mikono niliifunga nyuma kama mlinzi wa benki ili nisiguse simu. Dakika ya pili miluzi. Dakika ya tatu kijana wa IT akaja kuninong'oneza, nikajifanya spika imenizidi. Magitaa yaliposhika, mzee wa lori alikuwa uwanjani na mwenye sherehe mwenyewe, akamtunza elfu kumi kwenye paji la uso, ikadondoka, hakuna aliyeinama kuiokota mpaka wimbo ukaisha.

Leo asubuhi risiti za mafuta kaleta mwenyewe, akakaa na kuniuliza habari za nyumbani. Mbili hazikuwa za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nimezirudisha.